Seva ya Duka Yenye Kadi Mbili za Mtandao: Dalili, Visababishi na Dawa

Seva nyingi za biashara ndogo hapa Uganda zina kadi mbili za mtandao. Baadhi zilitoka kiwandani na matundu mawili nyuma. Nyingine ni kompyuta ya kawaida iliyogeuzwa seva, fundi akaiongezea kadi ya PCI Express au adapta ya USB. Mpango huwa mzuri: kadi moja iende kwenye swichi ya kaunta, ya pili iende kwenye ruta ya intaneti au kwenye antena inayounganisha duka na stoo. Tatizo huanza pale kadi ya pili inapochomekwa bila mtu kuamua kazi yake ni ipi. Duka la vifaa vya ujenzi Busia linakwama wateja wakiwa wamepanga foleni, kliniki Mbale haifungui majalada ya wagonjwa, na lawama yote inaangukia "intaneti mbovu" ambayo mara nyingi haina kosa.

Msimamo wangu ni huu: kila kadi iwe na kazi moja inayojulikana, na seva nzima iwe na geitiwei (mlango wa kutokea kwenda mitandao mingine) moja tu. Ukikagua mambo hayo mawili kwanza, sehemu kubwa ya dalili zilizo hapa chini utazimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote

Jua kadi ipi ni ipi. Chomoa kebo moja uone ni jina lipi linaloonyesha kuwa limekatika. Kwenye Linux, amri `ethtool -p enp3s0 10` humulika taa ya kadi hiyo kwa sekunde 10, kwa hiyo huna haja ya kuchomoa kitu. Kisha badilisha majina: NDANI kwa upande wa kaunta, NJE kwa upande wa intaneti. Bandika karatasi nyuma ya seva yenye maneno hayo hayo. Fundi atakayekuja baada yako hatakuwa na muda wa kubahatisha.

Nakili matokeo ya `ipconfig /all` na `route print -4` (au `ip -br addr` na `ip route`) kwenye faili, ulihifadhi nje ya seva. Na kama seva iko Arua nawe uko Kampala, usizime kadi wala kubadilisha anwani kwa mbali bila njia ya kurudi. Kwenye Ubuntu tumia `netplan try`, ambayo hurudisha mpangilio wa zamani baada ya sekunde 120 usipothibitisha. Kwenye Windows, mwombe mtu akae mbele ya skrini huku mnaongea kwa simu.

Katika mifano yangu, NDANI ni 192.168.20.10, na NJE ni 192.168.8.10 ikielekea ruta ya 4G yenye anwani 192.168.8.1.

Dalili: intaneti inakuja na kwenda, bila mpangilio

Asubuhi ankara za EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato Uganda) zinatoka vizuri, saa sita zinalundikana, saa nane zinatoka tena. Ukipima ruta kwa simu yako, intaneti ipo muda wote. Andika `route print -4` kwenye seva na utazame mistari inayoanza na 0.0.0.0. Ukiona miwili, umeshamkamata mwizi: kadi zote mbili zimepewa geitiwei.

Geitiwei ni njia ya kupitishia kila kitu ambacho seva haijui pa kukipeleka. Zikiwa mbili, Windows huchagua kwa metriki, ile yenye namba ndogo ikishinda. Metriki hiyo, ukiiacha ijipange yenyewe, hutokana na kasi ya kadi: kadi ya 1 Gbps hupata 25 na ya 100 Mbps hupata 35. Kadi mbili za 1 Gbps zinakuwa sawa, na uchaguzi unaweza kugeuka wakati wowote. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosa. Kebo ya NJE ikilegea jozi moja ya nyaya, kadi inashuka hadi 100 Mbps, metriki inapanda hadi 35, na ghafla safari zote za intaneti zinaelekezwa NDANI ambako hakuna intaneti. Fundi akifika na kusukuma kebo vizuri, kasi inarudi na kila kitu kinapona. Anaondoka akiamini kampuni ya intaneti ndiyo iliyokuwa na shida.

Dawa: futa geitiwei kwenye NDANI. Acha kisanduku kitupu kabisa, usiweke hata anwani ya seva yenyewe. Kwenye Linux, `ip route` ikikuonyesha mistari miwili ya `default`, ondoa ule wa NDANI kwenye faili la Netplan. Ikiwa NDANI inachukua anwani kwa DHCP (yaani inagawiwa anwani yenyewe bila kuandikwa kwa mkono), ongeza `use-routes: false` chini ya `dhcp4-overrides`.

Sasa, ni vizuri kuuliza kwa nini mtu aliiweka hiyo geitiwei ya pili. Kwa kawaida alikuwa na sababu ya haki, na ukiifuta bila kujibu hitaji lake ataweka tena wiki ijayo. Sababu huwa mojawapo kati ya mbili.

Ya kwanza ni stoo. Duka liko barabara kuu, stoo iko mtaa wa pili, zimeunganishwa kwa antena, na stoo ina mtandao wake wa 192.168.30.0. Fundi aliona seva haifiki stoo, akaweka anwani ya antena kama geitiwei, ikafika. Kinachotakiwa hapo ni njia ya kudumu ya mtandao huo mmoja tu:

`route -p add 192.168.30.0 mask 255.255.255.0 192.168.20.2`

Hapo 192.168.20.2 ni kifaa cha upande wa duka kinachopeleka stoo. Herufi `-p` ndiyo inayofanya njia ibaki hata seva ikizimwa na kuwashwa. Hakikisha pia kifaa cha stoo kinajua njia ya kurudi 192.168.20.0, maana pakiti ikienda bila njia ya kurudi utaona kimya kile kile.

Sababu ya pili ni hamu ya kuwa na laini mbili za intaneti, faiba na 4G, moja ikikatika nyingine ishike. Namwelewa kabisa mfanyabiashara anayetaka hivyo, kwa sababu saa moja ya kaunta kusimama ni mauzo yaliyokwenda kwa jirani. Lakini seva si mahali pa kufanyia kazi hiyo. Taa ya kadi inaonyesha tu kwamba kebo imefika kwenye ruta iliyo mita mbili kutoka hapo. Faiba ikikatwa na wachimba barabara, ruta bado inawaka, kadi bado inaona kila kitu ni kizima, na seva inaendelea kusukuma pakiti kwenye shimo. Nunua ruta yenye uwezo wa laini mbili, MikroTik ndogo inatosha, iwekwe mbele ya seva, na ipangwe ipime uhai wa laini kwa ku-ping anwani ya mbali badala ya ile ya jirani. Seva ibaki na geitiwei moja inayoelekea ruta hiyo. Mara nyingi ukifika hapo utagundua kwamba kadi ya pili haihitajiki tena, basi izime.

Uthibitisho: `Find-NetRoute -RemoteIPAddress 8.8.8.8` kwenye PowerShell, au `ip route get 8.8.8.8` kwenye Linux. Jibu litaje NJE. Kama linataja NDANI, hujamaliza.

Dalili: seva inaona intaneti lakini haioni kaunta, au kinyume chake

Linganisha anwani za kadi zote mbili. Je, zote zinaanza na 192.168.1? Hii hutokea kila mara, kwa sababu ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na fundi aliyepanga mtandao wa duka naye alitumia namba hizo hizo kwa mazoea. Seva ikiwa na mtandao mmoja pande mbili haiwezi kujua 192.168.1.50 iko upande upi. Itachagua kadi moja, na kila kilicho upande wa pili kitakuwa hakipo.

Usihangaike na metriki hapa. Badilisha mtandao mmoja. Ni rahisi zaidi kubadilisha upande wa ruta ya intaneti kwa kuwa una vifaa vichache, ila kampuni ya intaneti ikiwa imefunga mipangilio ya ruta yao, itabidi uhamishe kaunta. Chagua namba zisizo za kiwandani: 192.168.20 ni salama, ila 192.168.88 ni ya MikroTik na 192.168.8 ni ya ruta nyingi za Huawei za 4G. Kumbuka printa. Printa ya risiti iliyopangiwa anwani kwa mkono haitahama yenyewe, na kesho yake asubuhi ndiyo itakayokupigisha simu.

Ikiwa anwani ni tofauti na bado kaunta hazipati intaneti kupitia seva, angalia kama seva imeruhusiwa kupitisha pakiti za wengine. Kuwa na kadi mbili hakuifanyi seva kuwa ruta. Kwenye Linux `sysctl net.ipv4.ip_forward` inatakiwa kurudisha 1, pamoja na kanuni ya NAT (kubadilisha anwani za ndani zitoke kwa anwani ya seva). Kwenye Windows Server ni huduma ya Routing and Remote Access. Binafsi naona ni heri kazi hiyo ifanywe na ruta, ili siku seva ikizimwa kwa matengenezo duka lote lisipoteze intaneti.

Dalili: jina la seva linajibu kwa anwani isiyo yake

Mtu wa stoo akiandika `\\SEVA\hesabu` anasubiri dakika nzima, kisha anapata ujumbe wa kosa. Akiandika `\\192.168.20.10\hesabu`, inafunguka papo hapo. Fanya `nslookup seva`. Ukipata anwani mbili, 192.168.20.10 na 192.168.8.10, tatizo ni DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani): seva imejiandikisha kwa kadi zote mbili, na wateja wanapewa hata ile wasiyoweza kuifikia. DNS ya Windows hujaribu kumtangulizia mteja anwani iliyo kwenye sabneti yake, ndiyo maana kaunta za dukani huweza kunusurika huku stoo ikiteseka, na mwenye duka anashangaa kwa nini "kwangu inafanya kazi".

Zuia NJE isijiandikishe:

`Set-DnsClient -InterfaceAlias "NJE" -RegisterThisConnectionsAddress $false`

Kama seva hiyo ndiyo pia DNS ya ofisi, fungua mipangilio yake na uiambie isikilize kwenye anwani ya NDANI peke yake. Futa rekodi ya 192.168.8.10, kisha kwenye kompyuta ya mteja andika `ipconfig /flushdns`.

Kuna ndugu ya tatizo hili: watumiaji wa domeni (mtandao wa ofisi wenye akaunti zinazosimamiwa na seva moja) wanachukua muda mrefu kuingia asubuhi. Tazama DNS zilizowekwa kwenye kadi. Ukikuta 8.8.8.8 kwenye seva ya domeni au kwenye kompyuta za kaunta, iondoe. DNS ya nje haijui chochote kuhusu domeni yako ya ndani. Kompyuta zielekee seva, na seva yenyewe ipeleke maswali ya nje kwa DNS ya nje iliyowekwa kwenye mpangilio wake wa `Forwarders`.

Seva inayosimamia domeni isiwe na miguu kwenye mitandao miwili kama unaweza kuepuka. Microsoft wenyewe waliruhusu mpango wa kadi mbili kwenye Small Business Server 2003, kisha wakauondoa katika toleo la 2008. Ukikuta seva ya zamani iliyopangwa kwa mtindo ule na mwenye biashara anataka kuihamishia kwenye mashine mpya, usinakili mpango huo.

Dalili: umeme umerudi, folda hazifunguki

Umeme ulikatika, seva ikazimika, ikawaka tena. Ping inakataa, folda hazionekani, lakini mbele ya seva kila kitu ni kizima. Andika `Get-NetConnectionProfile`. Ukiona NDANI imeandikwa `Public`, faiwoli ya Windows imefunga milango kwa kudhani seva iko kwenye mtandao wa hadharani, kama Wi-Fi ya hotelini.

Inauma kidogo kwamba tatizo hili huwapata waliofanya kazi vizuri. Windows hutumia geitiwei kuutambua mtandao, nawe umeiondoa geitiwei ya NDANI kama inavyotakiwa. Sasa mtandao huo unaitwa usiotambulika, na kwa hadhari unapewa profaili ya `Public`. Hii si sababu ya kurudisha geitiwei. Tumia:

`Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "NDANI" -NetworkCategory Private`

Huenda isidumu baada ya kuwasha upya. Isipodumu, fungua `secpol.msc`, sehemu ya Network List Manager Policies, upange mitandao isiyotambulika iwe `Private`. Kabla ya hapo hakikisha NJE ina geitiwei na inatambulika kwa jina, la sivyo nayo itafunguliwa. Kwa seva ya domeni, profaili sahihi ni ya domeni na huwezi kuiandika kwa mkono. Anzisha kadi upya kwa `Restart-NetAdapter -Name "NDANI"` baada ya huduma zote kuamka.

Wakati huo huo ondoa huduma ya kushiriki faili na printa kwenye NJE. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilisambaa kupitia bandari 445, ile ile inayofungua folda za hesabu zako.

Ukikuta NJE ina anwani inayoanza na 169.254, seva iliamka kabla ya ruta, ikaomba anwani, haikujibiwa. Windows hujaribu tena kila baada ya dakika 5, kwa hiyo mara nyingine "inajiponya". Mpe NJE anwani ya kudumu, na uweke seva, swichi na ruta kwenye UPS moja. UPS inayobeba seva peke yake huku swichi ikizimika haimsaidii mtu wa kaunta.

Dalili: kaunta zinapata anwani za ajabu

Kwenye kompyuta ya kaunta, `ipconfig /all` huonyesha ni nani aliyetoa anwani. Kama si seva yako, kuna ruta ya Wi-Fi imechomekwa kwenye swichi ya ndani na inagawa anwani zake. Zima DHCP yake. Kama ni seva yako inayogawa upande usio wake, ifunge kwa NDANI pekee. `Get-DhcpServerv4Binding` itakuonyesha kadi zinazotumika.

Dalili: kadi zote mbili ziko kwenye swichi moja, mtandao unayumba

Mtu alifikiri kebo mbili zitaleta kasi mara mbili, akazipa 192.168.20.10 na 192.168.20.11. Majibu hutoka kwa kadi moja hata kama ombi liliingia kwa nyingine, na Linux huweza hata kujibu ARP (swali la "anwani hii ni ya kadi ipi?") ya anwani ya kadi nyingine. Vibaya zaidi ni pale alipochagua kadi zote mbili na kuzifunga pamoja kama daraja. Hapo panaweza kutokea mzunguko: pakiti za matangazo zinazunguka bila kukoma, taa zote za swichi zinameremeta kwa pamoja, na duka zima linasimama. Chomoa kebo moja kwanza, maelezo baadaye.

Kama unataka kadi mbili zisaidiane, ziunganishe ziwe timu yenye anwani moja. Windows Server ina uwezo huo tangu toleo la 2012, na Linux ina bondi. Kwa swichi ya kawaida isiyo na mipangilio, chagua namna isiyotegemea swichi, au `active-backup` kwenye Linux. LACP (utaratibu wa kuunganisha kebo kadhaa ziwe njia moja) inahitaji swichi inayoielewa na iliyopangiwa. Na mweleze mwenye duka ukweli mapema: mtu mmoja akinakili faili moja, timu ya LACP ya 1 Gbps mara mbili haitampa zaidi ya 1 Gbps. Faida iko kwenye watu wengi kwa wakati mmoja, na kwenye kebo moja kukatika bila kazi kusimama.

Dalili: mtandao ni mzito, au faili kubwa linakwama

`Get-NetAdapter` inaonyesha kasi. Ikiwa ni 100 Mbps mahali palipotakiwa 1 Gbps, anza na kebo, kwa sababu 1 Gbps inahitaji jozi zote nne na 100 Mbps inaridhika na mbili. Kebo za alumini iliyopakwa shaba, zinazouzwa bei nafuu madukani, huvunjika ndani bila kuonekana. Adapta ya USB 2.0 nayo haiwezi kufikia 1 Gbps hata ufanyeje. Na ukinunua adapta mbili za bei ya chini, linganisha anwani zao za MAC (namba ya utambulisho ya kila kadi), maana huweza kufanana.

Kama ping ni nzuri lakini faili kubwa linaganda, jaribu `ping -f -l 1472 192.168.20.10`. Ikigoma wakati ping ya kawaida inapita, kuna sehemu njiani isiyopitisha pakiti ya baiti 1500; ikipita, angalia kama mtu aliweka 9000 kwenye kadi na swichi haijui hilo. Rudisha 1500 kila mahali.

Dalili: kadi imekufa baada ya ngurumo

Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi sana duniani, na kebo ya shaba iliyopita nje kati ya majengo mawili hubeba pigo hadi ndani ya seva. Ukibadilisha kadi na Windows ikakataa kuipa 192.168.20.10 ikidai anwani hiyo ni ya adapta nyingine, kadi iliyoungua bado imesajiliwa. Fungua Device Manager, onyesha vifaa vilivyofichwa, ifute, kisha weka anwani upya. Kwenye Ubuntu kadi mpya ikikaa kwenye tundu jingine hupata jina jipya, kwa hiyo rekebisha jina au MAC kwenye faili la Netplan. Na kebo ile ya nje, ibadilishe iwe faiba kabla ya mvua nyingine.